Jino limetoboka? Usisubiri liume ndo ukaling'oe

Haya jamani habari zenu, karibuni tena, na wapya karibuni sana. Leo sina matembezi wala nini, nimekaa tu hapa mezani nataka tuongee habari ya kuziba meno, maana meseji zenu zimejaa na nyingi zinafanana, mara jino langu lina shimo ila haliumi niliache, mara limetoboka nikaling'oe tu yaishe. Na juzi mama yangu mdogo kanitumia voisi ndefu, anasema gego lake lina shimo muda sasa, maji baridi yakipita linashtuka halafu linatulia, kwa hiyo anasubiri lianze kuuma vizuri ndo aende akaling'oe. Anasubiri liume jamani! Nikasema hii lazima niifanyie video, kwa sababu hayo maumivu anayoyasubiri ndo yatakayomnyima nafasi ya kuliziba jino lenyewe.

Twende taratibu. Jino lako juu lina gamba gumu sana linaitwa enameli, ni gumu kuliko mfupa, hakuna kitu kigumu kuliko hicho kwenye mwili wako wote, lakini halina uhai ndani yake, yaani halina chembe hai wala mishipa ya fahamu, kwa hiyo likitoboka haliumi na halioti tena. Chini yake kuna dentini, hiyo ni laini zaidi na ina vijitundu vidogo mno vinavyoelekea ndani, na katikati kabisa ndo kuna kiini cha jino, mishipa ya damu na ya fahamu iko humo. Sasa bakteria wanaoishi kwenye ule utando wa kwenye meno, kila unapokula au kunywa kitu cha sukari na wao wanakula, wanatoa asidi, na ile asidi ikishusha pH ya mdomo, kile kipimo cha asidi ambacho kikiwa chini asidi ndo kali zaidi, chini ya kama 5.5 hivi, enameli inaanza kupoteza madini. Mate yanakuja kurekebisha, lakini yanahitaji nusu saa au zaidi kutuliza hali. Ndo maana mtu anayekunywa kinywaji chake kitamu kidogo kidogo kutwa nzima anaumiza meno kuliko aliyekinywa mara moja na chakula akamaliza, hata kama kiasi ni kile kile, kwa sababu yule wa kwanza mate yake hayapati nafasi ya kufanya kazi kabisa.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Mwanzo kabisa jino huwa na doa jeupe lililofubaa, halijawa shimo bado, hapo linaweza kurudi, dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na usiku kabla ya kulala, unapunguza sukari za mara kwa mara, na ukimaliza kupiga mswaki unatema tu, usisukutue na maji mengi maana unaiosha floraidi yote. Lakini likishakuwa shimo, hakuna dawa ya kusukutua wala majani ya kutafuna wala kitu chochote cha kulifanya lijizibe. Mswaki haufiki mle ndani. Likishaingia kwenye dentini linakwenda haraka na linapanuka kwa pembeni chini ya enameli, unakuta nje kuna kitundu kidogo tu cheusi, kumbe ndani limeshakuwa pango, ni sawa na ukuta ulioliwa na mchwa, nje rangi bado inang'aa, halafu siku moja unatafuna kitu tu cha kawaida upande mzima unabomoka. Mtu anasema chakula ndo kimemvunja jino. Hapana, lilishaoza zamani.

Na mdudu hayupo. Najua wengi tumekua tukisikia jino lina mdudu, lakini daktari wa meno wa Kifaransa Pierre Fauchard alishaikataa hiyo habari tangu mwaka 1728, kwa hiyo mtu akikuonyesha kimnyoo kwenye pamba akwambie kimetoka kwenye jino lako, ondoka hapo haraka.

Sasa maumivu, hii ndo sehemu naomba muirudie hata mara mbili. Kama baridi au utamu unalishtua jino halafu ukishaondoka maumivu yanaisha pale pale, mara nyingi kiini bado ni kizima, na mara nyingi hilo jino linazibika. Mama mdogo yuko hapo na nimemwambia aende sasa hivi. Lakini kama ukinywa kitu cha moto maumivu yanabaki dakika kadhaa, au jino linauma lenyewe bila kuguswa, linakuamsha usiku, ukilala ndo linazidi, hapo kiini kimeshaumia sana, kuziba peke yake hakutasaidia, unabaki na njia mbili, kusafisha mizizi, ile ruti kanali, au kung'oa. Na kuna kitu kingine kinawapoteza watu wengi sana, jino linauma wiki mbili halafu ghafla linanyamaza, mtu anashukuru anasema limepona, kumbe kiini kimekufa, na usaha unajikusanya taratibu kule chini ya mzizi. Ukiona uso umevimba na homa, kumeza shida, mdomo haufunguki vizuri au unapumua kwa tabu, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, maana usaha wa jino unaweza kuua.

Haya, wengi mnaogopa kiti. Ngoja niwaelezee kinachotokea kwa sababu mimi mwenyewe nimezibwa, hebu nisogeze simu muone, hili gego la chini huku kushoto, mnaona? Halionekani hata kama limezibwa. Kwanza wanapiga eksirei ndogo kuona shimo limefika wapi, maana kati ya jino na jino macho hayaoni kitu. Halafu ganzi, wengine wanakupaka kwanza ganzi ya jeli kwenye fizi ili hata sindano usiisikie sana. Unasubiri kidogo, mdomo unakuwa mzito, daktari anajaribu, na hapa usijikaze kiume wala kike, kama bado unasikia maumivu inua mkono useme, anaongeza. Ile mashine kelele yake inatisha kuliko kazi yake, unasikia mtetemo na maji yanarushwa ili jino lisipate joto, anaondoa ile sehemu iliyooza. Na kama shimo ni refu karibu na kiini, siku hizi daktari anaweza kuacha makusudi kidogo ya ile dentini laini pale chini kabisa halafu anaziba juu vizuri, kwa sababu akichimba yote anaweza kukitoboa kiini, na bakteria waliofungiwa mle bila chakula wananyong'onyea. Kwa hiyo usishtuke ukiambiwa hivyo, hajakupunja.

Baada ya hapo ndo sehemu iliyonivutia kuliko zote. Kama anatumia kompositi, ile ya rangi ya jino, anaweza kukuvalisha kimpira chembamba kuzunguka jino au akaweka pamba, maana mate yakigusa pale kazi imeharibika. Anapaka jeli ya asidi, anaiacha sekunde chache, anaosha, anakausha, na enameli pale inabaki nyeupe imefubaa, ukiitazama kwa hadubini ina vishimo vidogo vidogo vya kushikilia. Mtu aliyegundua hilo ni Michael Buonocore mwaka 1955, kabla yake zibo la plastiki lilikuwa halina cha kujishikiza. Anapaka gundi, halafu anaweka kompositi tabaka kwa tabaka, kama milimita 2 kila moja, kila tabaka anapiga mwanga wa bluu sekunde 20 hivi linakuwa gumu pale pale, na usiuangalie ule mwanga, ndo maana wao wanaukinga kwa kile kioo cha rangi ya chungwa. Kama shimo liko kati ya meno mawili anazungusha bati jembamba na kikabari kidogo ili jino lipate ukuta wake na ligusane vizuri na jirani, asipofanya hivyo chakula kitanasa hapo kila siku. Mwisho unang'ata karatasi ya rangi, panapoacha alama nzito anapapunguza, anasugua mpaka panateleza.

Kuna aina nyingine za kuzibia. Ile ya kijivu ni amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki fedha, bati na shaba. Imetumika zaidi ya miaka 150 na ni imara kweli kwenye magego, ila zebaki ni sumu kwa mazingira, kwa hiyo Umoja wa Ulaya uliizuia kuanzia Januari 2025 isipokuwa kwa sababu maalum za kitabibu, na nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kupunguza zebaki, zilikubaliana Novemba 2025 matumizi yake yaishe ifikapo 2034. Lakini jamani, mwenye amalgamu nzima mdomoni asikimbie kuitoa kwa hofu! Kuitoa ndo kunakofanya mvuke wa zebaki utoke zaidi, na unapoteza na sehemu ya jino lililo zima, hata mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema 2020 kwamba zilizo nzima zisitolewe bila sababu ya kitabibu. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo ndo iliwataja kati ya wale ambao ni vizuri wawekewe aina nyingine.

Halafu kuna glasi ayonoma, hiyo inajishika yenyewe kwenye jino na inatoa floraidi kidogo kidogo, si imara kama kompositi sehemu za kutafunia lakini haisumbuliwi sana na unyevu. Na hii ndo iliyobeba njia ya kuziba bila mashine na bila umeme, daktari anakwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu halafu anaziba, mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Njia hiyo inaitwa ART na ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 80, halafu Shirika la Afya Duniani likaitangaza dunia nzima mwaka 1994. Nawaambia kwa fahari kabisa, madaktari huku ughaibuni wanasoma kitu kilichoanzia kwetu. Kwa hiyo mtu akikwambia kuziba jino ni mambo ya watu wenye mashine kubwa tu, si kweli.

Ukitoka pale, ganzi inakaa saa mbili mpaka nne, usitafune upande huo, na mtoto mwangalie sana maana wanaung'ata mdomo wao mpaka unavimba na hawasikii kitu. Kompositi inakuwa ngumu hapo hapo, amalgamu ndo unaambiwa usiitafunie kitu kigumu mpaka kesho yake. Jino kushtuka na baridi siku kadhaa ni kawaida, hata wiki mbili. Ila ukisikia zibo limezidi, yaani ukifunga mdomo jino hilo ndo linagusa la kwanza, rudi, usiambiwe na mtu utazoea, ni kazi ya dakika chache kupunguza na ukiliacha jino litauma kila ukitafuna. Na maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi pia.

Zibo halikai milele. Linaweza kukaa miaka 10 au zaidi likitunzwa, lakini pembeni yake panaweza kuoza upya, na kila likibadilishwa shimo linakuwa kubwa kidogo kuliko la mwanzo, mpaka siku moja jino linahitaji kofia, yaani kifuniko cha kulivika jino lote juu. Kwa hiyo mtu aliyezibwa halafu akarudi kwenye sukari zake za kutwa na mswaki mara moja kwa siku, ugonjwa bado anao, ameziba tundu tu.

Watoto sasa, hapa nina uchungu kweli. "Si meno ya utotoni, yatang'oka tu." Magego ya utotoni yanakaa mpaka miaka 10, 11, 12, hayo yote ni miaka ya mtoto kutafuna, kulala na kusoma, na yanashika nafasi ya meno ya ukubwani, yakitolewa mapema yale ya pembeni yanasogea na meno mapya yanakosa pa kutokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza bila tiba. Na si lazima mtoto ateswe na mashine, muulizeni daktari kuhusu ile dawa ya fedha na floraidi ya kupaka, inaitwa SDF, inasimamisha uozo bila kuchimba, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021 pamoja na glasi ayonoma. Ile sehemu iliyooza inageuka nyeusi kabisa na haitoki, mzazi ajue hilo kabla haijapakwa, lakini bora jino jeusi lisilouma kuliko mtoto anayelia usiku.

Ukifika kwa daktari na akakwambia tung'oe, muulize kwa heshima kabisa, daktari, hili haliwezi kuzibika, kiini kikoje, naomba unionyeshe kwenye eksirei. Daktari mzuri hatakasirika, atakuonyesha, na kama kweli limefika mwisho utaliona mwenyewe utang'oa kwa amani. Ruti kanali nitaifanyia video yake wiki ijayo maana ni ndefu, maswali yenu yaacheni hapo chini kwenye komenti nitayapitia yote.