Kinyago Kilionekana, Mchongaji Hakuonekana

Wanahabari wenzangu, mwenyekiti ameniomba nisirudie kisa cha Wamakonde wa Kenya, waliokaa miaka bila uraia. Nitakirudia. (Kicheko.)

Nilikuwa ripota kijana. Tulifika Kwale, Pwani ya Kenya, kwa mzee mmoja Mmakonde, mchongaji. Mzee akaleta mfuko wa nailoni umejaa nakala za barua alizoiandikia serikali akiomba kitambulisho. Mpiga picha wetu akamwambia, "Mzee, hizo weka kando, shika kinyago." Akakishika. Usiku ule watazamaji wakaona kinyago, tena kizuri. Barua hazikuonekana hata pembe. Na ripota aliyenyamaza pale ndiye huyu mnayempigia makofi.

Kukosa kitambulisho mnakujua? Laini ya simu huna kwa jina lako, M-Pesa huna, kura huna. Ukikutana na askari njiani, jieleze mpaka mate yakukauke.

Namsikia mmoja hapo nyuma: "Si warudi kwao Msumbiji?" Ndugu yangu, wazee wao walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, Kenya haijapata hata bendera. Wajukuu wamezaliwa Kwale. Warudi wapi, tumboni mwa bibi?

Sheria ya uraia ya 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na utaifa. Mlango wazi, foleni haisogei! Oktoba 2016 wakajitwika mabango, wakashika njia ya Nairobi kwa miguu. Hapo ndipo kamera zilipowakumbuka. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaamuru wapewe vitambulisho. Mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Alhamdulillahi. Lakini mtu achubuke nyayo ndipo mhariri aone habari?

Tena msiniambie habari hizi haziuzi. Msafara ule mliuandika nyote. Barua zilezile mngeziripoti miaka kumi kabla, mkapiga simu ofisi ya usajili kila Jumatatu: ombi la mzee huyu liko meza ya nani? Mtu achoke kuwasikia!

Wapemba wa Pwani nao walingoja kutambuliwa mpaka 2023. Waogiek wa msitu wa Mau waliishinda serikali kwa kesi ya ardhi yao huko Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika, 2017. Fidia ikaamuliwa 2022. Nani hapa anafuatilia kama imelipwa? Inueni mikono. Haya. Jamii ya Endorois, waliofukuzwa Ziwa Bogoria, pia nilikuwa nao kwenye karatasi, ila mwenyekiti anagonga saa.

Maswali basi. Yule wa Msumbiji aje mbele, kipaza sauti cha huko nyuma kimekufa.