Siku Saba za Mpatanishi

Mheshimiwa mwenyekiti, wanafunzi na wageni waalikwa, vita vya kaskazini mwa Uganda, kati ya serikali na waasi wa LRA, mnavijua, kwa hiyo sitavisimulia upya. Nimekuja na hoja ile ile ambayo baadhi yenu mmekwisha kuchoka kuisikia: mpatanishi huangushwa na waliomtuma mara nyingi kuliko na waasi aliotumwa kwao.

Mtazameni Betty Bigombe. Aliteuliwa mwaka 1988 kuwa waziri wa kushughulikia utulivu wa kaskazini, akahamia Gulu, mji wa huko kaskazini, na kwa miaka kadhaa akafanya ile kazi isiyopigwa picha: kuzungumza na wazee, kupokea matusi, kupeleka barua kwa watu wa kati bila kujua kama zitafika. Mwishoni mwa mwaka 1993 akakutana na Joseph Kony, kiongozi wa waasi hao, uso kwa uso. Waasi wakaomba miezi 6 ya kuwakusanya wapiganaji wao waliotawanyika porini. Mwezi Februari 1994 Rais Museveni akawapa siku 7. Nawauliza, ni nani kati yenu aliyewahi kupata hata pasipoti kwa siku 7?

Najua kuna atakayesimama kuniambia kwamba serikali ilikuwa na habari kuwa Kony alikuwa akizungumza na Khartoum, yaani serikali ya Sudan. Huenda ndivyo. Lakini amri ile ya siku 7 haikumtenga na Khartoum. Ilimkabidhi huko, naye akarudi na silaha bora, na mwezi Aprili 1995 watu zaidi ya 200 wakauawa na waasi hao katika mji wa Atiak, kaskazini. Mwingine atasema kwamba mtu yule hakuwa wa kuzungumza naye hata kidogo. Mbona mwaka 1996 mtawa Rachele Fassera aliwafuata porini wapiganaji wa Kony waliowateka wasichana 139 wa shule ya Aboke, akabishana nao, akarudi na 109? Hakuwa na jeshi, wala hakuwa na mtu wa kumhesabia siku kutoka Kampala.

Mwenyekiti amekwisha kunionyesha saa, basi suala la watoto vitani, ambalo Olara Otunnu, Mganda aliyekuwa mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, alilifikisha katika Baraza la Usalama, nitaliacha. Kuhusu mazungumzo ya amani ya Juba, kati ya serikali na waasi wa Kony, nasema moja tu. Mnapenda kusema mazungumzo yale yalishindwa kwa kuwa mwaka 2008 Kony hakutokea kutia saini. Hakutia, ni kweli. Lakini mapigano yalisimamishwa kwa mkataba wa Agosti 2006, na katika utulivu huo maelfu kwa maelfu ya Waacholi, wenyeji wa kaskazini, walitoka katika kambi za wakimbizi wa ndani wakarudi kulima mashamba yao, huku wapatanishi Riek Machar na Joaquim Chissano wakiendelea kuisubiri saini ambayo haikuja.