Wana Kigoma, Kagueni Laini Zilizosajiliwa kwa NIDA Yenu

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu wote wa Ujiji, Gungu na Mwanga, habari za huko. Shika simu tuifanye hii kazi pamoja.

Piga *106#. Fuata menyu mpaka kwenye kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, andika namba ya NIDA, tarakimu zote 20. Ukikuta namba usiyoijua, ujue iko kwa jina lako, na akitapeliwa mtu kwa laini hiyo, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Beba kitambulisho, nenda duka lenyewe la mtandao huo, siyo kwa wakala wa mwavuli, waifute.

Inaingiaje? Mama anasajili laini, anaweka kidole, anaambiwa: "Hakijasoma mama, weka tena." Inaweza kuwa kweli. Mtu anayeanika dagaa Kibirizi kila siku, vidole vimesuguliwa, mashine inavikataa. Lakini wakala asiye mwaminifu anajua kidole cha kwanza kimesoma. Cha pili anasajilia laini nyingine, akauze. Kwa hiyo kabla hujarudia kidole, mwambie akuoneshe kwenye kioo palipoandikwa kimekataa. Ukimaliza, rudia *106#. Wazee wasindikizeni, tafadhali, msiwaache peke yao.

Halafu itazame namba yako ya NIDA. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayeiona picha ya kitambulisho chako kwenye grupu tayari ana mwaka wako, na watu wengi sana wameufanya huohuo namba ya siri ya pesa. Kama ni wewe, badilisha leo.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiujibu, upeleke kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli. Ukiambiwa umetumiwa pesa kimakosa, angalia salio kwanza.

Sasa nyie wenye watoto huku nje ya nchi, kama mimi. Ukipata ujumbe kwa jina langu na picha yangu kwamba mzigo umekwama forodhani, lipia ushuru, usitume hata mia. Nipigie kwa namba yangu ya zamani, unione uso. Na WhatsApp yako ifunge: Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka tarakimu 6 zako. Namba ya uthibitisho ya WhatsApp inayokuja kwa meseji usimtajie mtu, hata akijiita mwanao. Mwizi akiingia kabla yako akaweka tarakimu zake, utasajili upya umtoe, lakini kuingia mwenyewe kunaweza kukusubirisha siku 7.