Mwacheni Binti Auze Korosho Zake

Asalaam aleikum, na habari za mchana walimu na waandishi wenzangu wa Mtwara.

Muda ni mfupi, naanza na lawama. Hadithi zetu nyingi za vijana tunaandika ili kumridhisha mzazi anayenunua kitabu. Binti anarubuniwa na bodaboda, anapata mimba, anajuta, kisha shangazi anahutubia kurasa tatu. Msomaji wa kidato cha pili keshaujua mwisho mapema. Anakifunga.

Tuchukue la hapa kwetu. Oktoba 2018, Tandahimba. Wakulima wamekataa bei za mnada, pesa hakuna. Binti wa kidato cha nne anaokota korosho shambani kwa mjomba wake, na kila jioni anaficha kidogo uvunguni, ndani ya mfuko wa salfa. Anataka viatu vya mahafali. Siku moja anazipeleka kwa mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo anayepima korosho kwa bakuli.

Mwandishi mwenye haraka ya kuadibu atamwita polisi hapohapo. Ngoja kwanza. Tazama bakuli. Jamaa analijaza, analitikisa, korosho zinashuka, anaongeza kiganja kingine, anatikisa tena. Binti anaona anavyopunjwa. Atasemaje “unaniibia”, na yeye mwenyewe kaiba? Kaeni hapo kurasa mbili nzima, msimwokoe.

Na adhabu mkiitaka, ipo, wala haihitaji shangazi. Novemba Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wakahakikiwa ili watu wa kangomba wabainike. Mjomba anaulizwa kuhusu mzigo wake mbele ya binti. Viatu keshavinunua.

Unyago? Andikeni, ila si kama maonyesho ya watalii. Ya ndani tuwaachie wenyewe. Mimi ningeandika siku mwali anaporudi darasani na kukaa dawati moja na rafiki ambaye hajachezwa.

Lugha ya vijiweni itieni kwa kipimo, maana inachakaa kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Sikilizeni zaidi kijana anavyomkwepa mkubwa: “Hamna kitu, mjomba,” na mfuko uko uvunguni. Hilo hata wajukuu zetu watalisema.

Mkimaliza rasimu, wapeni wanafunzi wasome mbele yenu. Msiwaulize wamejifunza nini, watawapa jibu la mtihani. Wekeni alama pale mtoto anapoinua macho dirishani, kisha mrudi mkafute ukurasa huo.

Haya, maswali. Tuanze na mama wa nyuma kule, naona hakupenda habari ya kuiba.