Kulia Mbele za Mungu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya kustahimili, nami naanza na maneno tunayoyasema sana misibani, kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Maneno hayo hayamo katika Biblia. Huenda tunayatoa katika yale Paulo aliyowaandikia Wakorintho juu ya majaribu na mlango wa kutokea. Lakini katika waraka wake wa pili kwao anakiri kwamba kule Asia walilemewa kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtume mwenyewe alilemewa. Kwa nini basi tumwambie mjane ajikaze?

Tena iko Zaburi ya 88, ambayo nasikitika kwamba hatuisomi hadharani. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa shukrani, lakini hii inaanza kwa kilio na kuishia gizani, huku rafiki na jamaa wakiwa wametengwa na mwenye kulia. Hata hivyo, katika mstari wa kwanza kabisa anamwita Bwana Mungu wa wokovu wake. Imani yake iko hapo, katika kumwelekea Mungu na kilio chake badala ya kukificha.

Hapa petu Mombasa tunaye Krapf, yule mmisionari Mjerumani, ambaye habari zake tumezoea kuzisimulia mbio mbio, tukikimbilia kituo chake cha misheni cha Rabai na kamusi yake ya Kiswahili. Mimi nawaomba tusimame kidogo kwenye Julai ya mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika kwake, alipokuwa amelala kwa homa wakati mkewe Rosine alipofariki, na siku chache hazikupita binti yao mchanga akafuata. Kaburi liko ng'ambo ya pili, upande wa Nyali. Mmisionari mwenzake, Rebmann, hakufika mpaka mwaka 1846, na ndipo wawili hao walipoanzisha kazi ya Rabai. Sidhani kwamba Krapf alikuwa na moyo wa chuma. Naona kwamba alihuzunika, akaendelea na kazi ya siku kwa siku ya kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kisha akapewa mwenzake.

Habari ya kupewa mwenzake naisema kwa sababu naijua. Mume wangu alipofariki, jamaa zake waliketi kikao, nami nikaambiwa niache funguo mezani. Nilivuka feri ya Likoni na sanduku moja, nimesimama katikati ya watu wanaokwenda kazini, nikiona haya kana kwamba kila mtu anajua. Kuomba sikuweza. Mama mmoja wa kikundi chetu akawa anakuja kila jioni na chupa ya chai, anaketi mkekani, anajifunika leso miguuni, na swali lake lilikuwa moja tu: "Umekula, mwanangu?" Jioni ya nne alinisomea Zaburi hiyo ya 88, akafika mwisho, akafunga kitabu bila kuongeza neno. Usiku huo nililia kwa sauti kwa mara ya kwanza, na nilijua nalia mbele za nani.

Yohana anasema kwamba Yesu alikuja kwake, wala walio wake hawakumpokea. Kwa hiyo aliyekataliwa anapoomba, anasema na Bwana anayekujua kukataliwa.

Frere Town ilianza mwaka 1875, pale Kisauni, kuwa makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi hawakuwa na njia ya kurudi makwao, na waliochukuliwa wangali wadogo hawakujua hata kwao ni wapi. Watu hao wa makabila mbalimbali, waliokatwa na koo zao, waliimba pamoja, wakaoana, wakazikana, na kengele yao ya kuonya hatari ikawalilia wote. Makondakta wa matatu wanapoita "Kengeleni!" leo, jina lililotokana na kengele hiyo, wanapataja mahali ambapo wasio na ndugu walifanyiana udugu. Kanisa lilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo, na linapomwepuka mjane au aliyeachwa na mumewe, linamkosea Bwana wake.

Nimesema ya kutosha. Kwenye meza ya nyuma kuna chai na mahamri, na akina mama wawili wa kikundi chetu watakuwapo mpaka saa mbili usiku. Asiyetaka kusema neno, aketi nao tu.