Gumba au piki? Mkono wa kulia kwenye gitaa la jazi

ZUHURA: Msikilizaji ametuuliza: anaanza kupiga jazi, atumie kidole gumba kama Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, au ashike piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi? Mimi nasema ashike piki.

BEKA: Mbona haraka hivyo dada yangu? Wes hakushika piki, na kwa utamu wa sauti sijaona wa kumfikia.

ZUHURA: Sibishi. Ila angalia gumba lilitoka wapi. Kule Indianapolis alikuwa akijifunza usiku baada ya kazi, majirani wakalalamika, akaiweka piki kando. Alitaka asisikike, akaambulia ile sauti nene ya nyama ya kidole.

BEKA: Na kwenye solo karibu kila pigo lake ni la kushuka. Okteva, yaani noti ileile ya chini na ya juu zikipigwa pamoja, ndizo anazipiga kwa kushuka na kupanda. Ukitaka mwendo kasi kwa gumba, jiandae kwa miaka!

ZUHURA: Sasa mgeukie mpiga gitaa Django Reinhardt, Paris ya miaka ya 1930. Gitaa halina umeme, pembeni kuna violini ya Stéphane Grappelli, nyuma magitaa mawili ya ridhimu. Usipopiga kwa nguvu, nani atakusikia? Kwa hiyo piki inashuka mpaka inatua kwenye uzi unaofuata, kiganja hakilali juu ya gitaa, na kila ukihamia uzi mpya unaanza kwa kushuka, hata kama pigo lililopita nalo lilishuka. Watu hawaachi kusimulia mkono wake wa kushoto ulioungua mwaka 1928. Wa kulia hausemwi kabisa!

BEKA: Lakini leo mtu ana amplifaya. Nguvu yote hiyo ya nini?

ZUHURA: Mpiga gitaa Charlie Christian alikuwa na amplifaya alipoingia bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, na bado alishusha kwa wingi. Pigo la kushuka lina uzito, na uzito huo ndio unaofanya mdundo uyumbe vizuri. Ukishusha na kupandisha kwa zamu, kama mpiga gitaa Pat Martino, noti zinatoka sawasawa, ila mkazo inabidi uuweke mwenyewe kwa makusudi.

BEKA: Na aliyekulia kwenye gitaa la Katanga, kule Kongo, je? Jean-Bosco Mwenda, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada. Gumba si tayari analo?

ZUHURA: Gumba la Mwenda linashika besi, wimbo uko kwa shahada. La Wes linabeba wimbo. Kazi mbili tofauti kabisa, kaka.

BEKA: Haya, nimenyoosha mikono. Afanye nini basi?

ZUHURA: Achukue kipande kifupi anachokiweza kwa sikio, akirekodi kwa gumba, kisha kwa piki ya kushusha na kupandisha, kisha kwa namna ya Django. Asijitazame mkono. Asikilize tu.

BEKA: Na akipenda gumba?

ZUHURA: Basi umeshinda wewe, nami nitanunua chai.