Hodi ya Alfajiri

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi Baraka, niko Reading, Uingereza, na mvua kama mnavyoisikia. Zuhura, hujambo huko majini?

ZUHURA: Sijambo, ndugu yangu. Nimefunga boti yangu ninamoishi Tottenham Hale, London, mfereji wa Lea, tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Niseme mapema: jua halijatoka tangu Jumanne, paneli za umeme wa jua hazijaingiza kitu, betri ziko chini. Tusizunguke sana.

BARAKA: Basi twende. Tuliahidi mafunzo matatu ya kuwalisha ndege wa majini: wapewe nini, wapewe wapi, wapewe kiasi gani.

ZUHURA: Karatasi ninayo hapa. Lakini ngoja kwanza nikuhadithie ya Jumatatu.

BARAKA: Haya.

ZUHURA: Saa kumi na mbili kasorobo, giza bado. Nasikia ko, ko, ko. Pale pale kichwani. Unakijua kitanda changu kilivyo: maji yako karibu usawa wa mto wa kulalia, na kati yangu na mfereji ni ubao na bamba la chuma tu. Ko, ko, ko. Na mimi usingizini nikaitika: karibu!

BARAKA: Umeitikia!

ZUHURA: Nimelelewa Unguja, Baraka. Mlango ukigongwa, ulimi unaitika kabla macho hayajafunguka. Nikafungua dirisha, shingo ikaingia. Shingo nzima! Bata maji, yule ndege mkubwa mweupe, dume, mdomo wa rangi ya chungwa na kile kinundu cheusi juu yake kikubwa kama kokwa ya embe. Maji yanamtiririka, yananidondokea kwenye shuka. Akanitazama. Nikamtazama. Nilikuwa na saladi ya jana kwenye bakuli, nikaikatakata, nikamtupia majini. Analipokea jani mdomoni, analichovya, analitikisa kushoto kulia, ndipo anameza.

BARAKA: Na Jumanne?

ZUHURA: Ko, ko, ko. Na Jumatano. Leo Jumamosi, siku ya sita.

BARAKA: Sasa dada, mie nina swali. Anagonga mara ngapi?

ZUHURA: Hahesabu.

BARAKA: Basi hiyo si hodi. Hodi ni tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hata kama unasikia redio inalia ndani.

ZUHURA: Ila mimi niliitikia! Hapo ndipo penye jambo. Nimekwisha sema karibu. Mtu ukamkaribisha halafu umwache mlangoni na njaa?

BARAKA: Si mtu huyo.

ZUHURA: Mgeni.

BARAKA: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye kafika siku ya sita. Jembe liko wapi?

ZUHURA: Analo! Unadhani anagonga nini? Ubavuni mwa boti, pale chuma kinapokutana na maji, kunaota mwani wa kijani, mrefu, unateleza. Ndio chakula chake. Anaukwangua kwa mdomo, na ule ukingo wa mdomo una meno meno kama msumeno. Hodi yote ile ni kazi. Nimechungulia juzi, ubavu wa upande wa kitanda umetakata mita nzima.

BARAKA: Kumbe! Basi hakupiga hodi. Alikuwa shambani kwake, wewe ndiye umemwita.

ZUHURA: ...Ehe.

BARAKA: Zuhura, wewe ndiye mgeni. Yule dume eneo ni lake, mwezi huu wa Machi yeye na jike wake wanatafuta pa kujenga kiota, wanawafukuza wenzao. Wewe umefika Alhamisi, umefunga boti mbele ya nyumba yake. Hodi ulipaswa upige wewe.

ZUHURA: Nikubali hilo. Na mgeni haji mikono mitupu, si ndivyo? Saladi ndiyo zawadi yangu.

BARAKA: Hapana, hapo ndipo tunapoachana. Mimi sioni haja ya kumlisha kabisa. Si mkate, si saladi, si njegere. Mimi nimekulia Mwanza. Pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, makorongo wamesimama kama watu wanaosubiri mshahara. Ndege mkubwa vile, anayeweza kuwinda, kazi yake imekuwa kungoja utumbo wa samaki. Ameacha ziwa lote lile nyuma yake. Nilipokuwa mtoto nilidhani amezaliwa sokoni.

ZUHURA: Lakini korongo yule hajadhurika. Yuko hai, anazaa.

BARAKA: Yuko hai jalalani. Halafu tazama mabata bukini wa Misri. Huko London wako Hyde Park, watu wanawarushia mikate. Ndege huyo huyo yuko kwetu ziwani, anakula majani ufukweni, hakuna aliyewahi kumnunulia mkate, na amenona.

ZUHURA: Mwanza hakuna kuta za zege pande mbili. Mfereji si ziwa, Baraka. Mfereji ulichimbwa na watu, kingo zimenyooshwa na watu. Majani anayoyahitaji bata maji wa kilo kumi na zaidi yataota wapi? Sisi ndio tumemjengea jiji, halafu tunamwambia ajitegemee.

BARAKA: Sasa hapo unazungumza kwa uchungu.

ZUHURA: Kwa uchungu, naam! Mwaka 2018 aliyekuwa msimamizi wa mabata maji wa Malkia Elizabeth, David Barber, alitoa taarifa. Watu walikuwa wametishwa na kampeni za kukataza mkate, wakaacha kuwalisha, akasema ndege wanadhoofika kwa njaa, na wengine huenda wanaingia barabarani kutafuta chakula. Profesa Perrins wa Oxford, mtaalamu wa ndege, akaunga mkono: hakuna ushahidi kwamba mkate ndio unaoleta ule ugonjwa wa bawa kupinda nje. Mkate wenye ukungu ndio sumu, huo usiwape.

BARAKA: Taarifa hiyo ninaijua. Lakini kilichowaokoa mabata maji wa nchi hii si mkate wala saladi. Ni kupigwa marufuku vile vipande vya madini ya risasi vya wavuvi, mwaka 1987. Walikuwa wanavimeza na changarawe, wanakufa kwa sumu. Watu waliondoa madhara yao, ndege wakarudi wenyewe. Huo ndio wema ninaouelewa: punguza madhara, kaa mbali. Na mafua ya ndege je? Tangu 2021 yameua mabata maji wengi, na wewe shingo iko juu ya mto wako!

ZUHURA: Dirisha sasa nalifungua kidogo tu, namtupia mbali, nanawa kwa sabuni.

BARAKA: Hujanijibu.

ZUHURA: Nimekujibu, hujapenda jibu.

BARAKA: Haya, nijibu hili. Sheria ya boti isiyo na gati lake ni siku 14, kisha unahama. Alhamisi unang'oa vigingi. Ijumaa alfajiri dume anakuja, anagonga maji matupu. Umemzoesha nini?

ZUHURA: ...

BARAKA: Sikusukumi, nauliza.

ZUHURA: Nimelifikiria hilo, usidhani sijalifikiria. Jana nimekaa pale nyuma kwenye usukani na kikombe cha chai, nikamtazama anavyozunguka boti. Boti nyingine itafunga pale pale. Mfereji huu haukai mtupu hata siku mbili. Na majani sita ya saladi hayajamsahaulisha mwani.

BARAKA: Na mwenye boti inayofuata akiwa na mbwa? Ndege aliyezoea dirisha hakimbii.

ZUHURA: Bata maji dume akimbie mbwa? Hujamwona akikunjua mabawa.

BARAKA: Mimi bado nasema usimpe kesho.

ZUHURA: Na mimi nasema kesho nitampa. Pungufu, lakini nitampa.

BARAKA: Haya. Mafunzo basi, tumebakiwa na dakika ngapi?

ZUHURA: Taa nyekundu imewaka kitambo. Nikiwasha injini sasa hivi tutasikia injini tu.

BARAKA: Soma hata la kwanza.

ZUHURA: La kwanza: chakula kitupwe majini, kisimwagwe ukingoni, maana kinachobaki nchi kavu kinaita panya, na kwa ndege anayekunywa kila tonge…

BARAKA: Zuhura? Sauti inakatika.

ZUHURA: …njegere ziwe zimeyeyuka barafu, na kiasi wanachomaliza mbele yako, kinachozama kinaoza. Nazima, ndugu yangu. Ujumbe wa wasikilizaji kuhusu choo cha boti nimeupata, wiki ijayo.

BARAKA: Ukishahama Alhamisi nipigie. Nataka kujua kama alikufuata.